Njia ya Mwongo Si Fupi

Nikiwa kidato cha tatu, mwalimu wetu wa Kiswahili alitufundisha wahusika kwa jedwali. Kushoto unaandika sifa, kulia unaandika thibitisho. "Ni mwongo: anamwambia mumewe kwamba..." Alama moja. "Ni mjanja: anamhadaa Fisi..." Alama nyingine. Nilikuwa hodari sana katika kazi hiyo. Sikuwahi kuuliza kwa nini Sungura akidanganya tunaandika "mjanja", na mwanamke akidanganya tunaandika "mwongo".

Swali hilo lilinijia miaka kadhaa baadaye, nikiwa nimeshaacha chuo na nikisoma riwaya za Wagiriki wa kale kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Ndiyo, riwaya. Mimi pia nilidhani Wagiriki walituachia Homer, tamthilia na falsafa, basi. Kumbe katika zile karne za mwanzo baada ya Kristo, chini ya utawala wa Roma, kulikuwa na watu walioandika kwa Kigiriki hadithi ndefu za nathari, za mapenzi na vituko. Tano zimetufikia zikiwa nzima: za Chariton, Xenophon wa Efeso, Achilles Tatius, Longus na Heliodorus. Nilizisoma kwa Kiingereza, katika mkusanyo uliohaririwa na B. P. Reardon na kuchapishwa mwaka wa 1989.

Ukimtoa Longus, ambaye wapenzi wake wanakua wakichunga mifugo kisiwani Lesbos, mtiririko ni ule ule. Vijana wawili warembo wanapendana. Bahari inawachukua. Wanakutana na maharamia, soko la watumwa, jela, mahakama, na kifo ambacho si kifo. Mwishowe wanarudiana. Na katikati ya hayo yote, kila mwanamume mwenye upanga au pesa anamtaka yule msichana. Yeye hana upanga wala pesa. Ana mdomo. Kwa hivyo anadanganya.

Tuna methali isemayo njia ya mwongo ni fupi, yaani mwongo hafiki mbali, atanaswa tu. Katika riwaya hizi mambo ni kinyume. Uongo ndio unaoirefusha njia. Msichana akisema ukweli katika sura ya kwanza ya mateso yake, hadithi inaishia hapo, naye pia anaishia hapo.

Hebu tumtazame Anthia, wa Xenophon. Kule Misri ananunuliwa na Psammis, mtawala kutoka India. Psammis anapotaka kumlazimisha, Anthia anamwambia kwamba tangu azaliwe babake alimweka wakfu kwa mungu Isis hadi umri wa kuolewa, na kwamba umebaki mwaka mmoja. Psammis anaogopa, anamsujudia mungu wa kike, anajizuia. Baadaye Anthia anauzwa kwa danguro kule Tarentum, Italia. Wateja wanajaa mlangoni. Anaanguka chini, mwili unalegea, anajifanya ana kifafa. Mwenye danguro anapomuuliza, anamsimulia kwamba akiwa mtoto, usiku wa sherehe, alipotea karibu na kaburi la mtu aliyezikwa juzijuzi. Maiti akatoka, akampiga kifuani, akamwachia ugonjwa. Mwenye danguro anamhurumia na kumrudisha nyumbani atunzwe.

Xenophon anatuambia kwamba Psammis aliamini kwa sababu washenzi, yaani wasio Wagiriki, ni watu wa kuamini mambo ya miungu kupita kiasi. Sawa. Lakini Tarentum ulikuwa mji ulioanzishwa na Wagiriki, na mwenye danguro wake naye akameza hadithi ya maiti bila kutafuna. Ushenzi si sababu. Anthia anafaulu kwa kuwa anatumia vitu ambavyo wanaume hawa wanaviogopa kuliko wanavyomwogopa yeye: mungu, mzimu, ugonjwa. Hasemi "sitaki", maana anajua neno hilo halina bei mahali alipo. Anasema "siwezi, kuna mwenye nguvu kukushinda wewe ambaye hataki".

Charicleia wa Heliodorus anaifanya kazi hiyo kwa ustadi zaidi. Huyu ni binti wa mfalme wa Ethiopia, ile Ethiopia ya Wagiriki yenye mji mkuu Meroe, ambao magofu yake leo yako Sudan. Amekulia Delphi bila kujua asili yake. Katika kitabu cha kwanza yeye na mpenzi wake Theagenes wako mikononi mwa majambazi kwenye mdomo wa Nile. Kiongozi wao, Thyamis, anaitisha mkutano na kutangaza kwamba anataka kumwoa. Anamwomba hata ridhaa yake, mbele ya watu wenye silaha. Charicleia anatazama chini kwa muda, kisha anasema: mimi na huyu ni ndugu, kwetu ni Ionia, mimi ni kuhani wa Artemis na yeye wa Apollo, tulikuwa safarini kwenda Delos dhoruba ikatutupa huku. Nakubali kuolewa. Naomba kitu kimoja tu, tungoje tufike mji wenye madhabahu au hekalu la Apollo, niweke chini ukuhani wangu kama desturi inavyotaka.

Majambazi wanashangilia. Thyamis anakubali shingo upande. Anayeumia ni Theagenes, ambaye baadaye wakiwa peke yao anamlaumu: imekuwaje ukakubali haraka hivyo? Charicleia anamweleza kwamba mtu mwenye nguvu ukimpinga unamchochea, ukimwambia neno la kumridhisha unampoza. Na anaongeza kanuni: uongo unaweza kuwa mzuri pale unapomfaa msemaji bila kumdhuru msikilizaji.

Nilipiga mstari hapo mara ya kwanza niliposoma. Nilikuwa na sababu zangu, nitazitaja. Lakini soma kurasa chache mbele. Majambazi wengine wanashambulia, Thyamis anaona atampoteza bibi harusi wake, anakimbia ndani ya pango alikomficha, na gizani anamuua mwanamke aliyemjibu kwa Kigiriki akidhani ni Charicleia. Aliyekufa ni Thisbe, mtumwa kutoka Athens. Sisemi uongo wa Charicleia ndio uliomuua Thisbe. Upanga ulikuwa wa Thyamis, na tamaa ilikuwa yake. Lakini Heliodorus anatuonyesha kwamba hesabu ya "nani ameumia" haiishii kwa wawili wanaoongea. Kanuni ile ni safi sana kwa msichana wa umri wake, na mwandishi anamwekea maiti karibu nayo.

Sasa, riwaya hizi zina waongo wengine wa kike, na hao hawapigiwi makofi. Manto, katika Xenophon, ni binti wa kiongozi wa maharamia. Anamtaka Habrocomes, mume wa Anthia, anakataliwa, anazivuruga nywele zake na kumwambia babake kwamba kijana huyo alitaka kumbaka. Habrocomes anachapwa na kufungwa. Demainete, katika Heliodorus, ni mama wa kambo anayemtaka Knemon, mwana wa mumewe. Akikataliwa anamsingizia kwamba amempiga teke la tumbo akiwa mjamzito. Ukichora jedwali la mwalimu wangu, Manto na Anthia wanaingia safu moja: wote wanatumia mwili wao kama ushahidi wa jambo ambalo halikutokea. Nywele zilizovurugwa na kifafa cha kuigiza, tofauti iko wapi?

Jibu la haraka ni kwamba mmoja anadanganya ili apate mwanamume, mwingine ili asipatwe naye. Nadhani waandishi wenyewe wangekubali jibu hilo, maana wamezijenga riwaya zao hivyo. Mwanamke anayetamani ni mwovu, mwanamke anayekataa ni mwema, na uongo wa kila mmoja unachukua rangi ya mwenyewe. Mimi naona tofauti nyingine, ya kawaida zaidi. Manto akidanganya, kuna mtu wa kumchapa kijana kwa niaba yake. Demainete akidanganya, kuna mume mwenye mamlaka juu ya mwana. Uongo wao una mkono. Uongo wa Anthia hauna mkono wa mtu yeyote, unanunua siku tu. Kumbuka pia kwamba katika mahakama za Athens ya kale ushahidi wa mtumwa ulihesabika ukitolewa chini ya mateso. Kwa mtu aliye mali ya mwingine, ukweli ulikuwa kitu cha kukamuliwa kutoka mwilini. Ukiishi chini ya kanuni hiyo, unajifunza kutoutoa bure.

Kisha yuko Melite, wa Achilles Tatius, ambaye anakataa kuingia upande wowote. Melite ni tajiri wa Efeso anayeamini mumewe Thersander alizama baharini. Anaolewa na Clitophon, msimulizi wetu, ambaye naye anaamini mpenzi wake Leucippe amekufa. Kwa muda mrefu Clitophon anakwepa kitanda chake kwa kisingizio baada ya kisingizio, hila ile ile ya "bado kidogo" ambayo kwingine ni ya wasichana. Halafu Thersander anarudi, mzima kabisa, na kumfunga Clitophon. Ni baada ya hapo, huko kizuizini, ndipo Melite anamwomba mara moja tu, naye anakubali.

Kesi inafika kwenye maji ya Styx, chemchemi ya Efeso ambayo mwanamke anaingia akiwa na kiapo kilichoandikwa na kuning'inizwa shingoni. Akiwa mkweli maji yanabaki pale pale. Akiwa mwongo yanapanda hadi shingoni na kukifunika kile kibao. Thersander anamtaka aape kwamba hakulala na huyu mgeni wakati yeye, mume, alipokuwa safarini. Melite anaapa maneno hayo hayo. Maji hayasogei. Umati unashangilia. Mume aliuliza swali baya, na miungu, kama mahakimu wengine tunaowajua, ilijibu lililoulizwa.

Ni kichekesho kizuri na nimewasimulia watu wengi. Lakini ninachokipenda zaidi kiko kurasa chache kabla. Clitophon, mezani na kuhani na babake Leucippe, anaombwa asimulie yaliyompata. Anasimulia yote, na akifika kwa Melite anayapanga maneno vizuri, ile mara moja haitajwi. Anatuambia mwenyewe kwamba hakusema uongo. Hakuna anayempeleka kwenye maji. Na riwaya nzima, pamoja na kiapo cha Melite, tunaisikia kutoka kinywani mwake. Ukiona mwanamke anaitwa mjanja wa maneno, angalia ni nani ameshika hadithi.

Nimemwacha Callirhoe mwisho kwa sababu yeye ndiye aliyenishinda. Riwaya ya Chariton huenda ndiyo kongwe kuliko zote tano. Callirhoe ni binti wa Hermocrates, jemadari wa Syracuse. Mumewe Chaereas, akiwa amechochewa na wivu, anampiga teke. Anazimia, anadhaniwa amekufa, anazikwa. Wezi wa makaburi wanamkuta hai na kwenda kumuuza karibu na Mileto kwa talanta moja ya fedha. Bwana wa shamba anaitwa Dionysius: mjane, msomi, mtu wa heshima. Anampenda hadi anataka kujinyima chakula afe. Hamgusi. Anamwomba asimulie habari zake, na Callirhoe anasimulia yote, ila jina la Chaereas analimeza.

Kisha anagundua ana mimba ya Chaereas. Plangon, mtumwa wa hapo shambani ambaye Dionysius amemwahidi uhuru akimshawishi Callirhoe, anamwonyesha njia: olewa na bwana sasa, mtoto akizaliwa watu watasema ni wa miezi saba. Usiku Callirhoe anaiweka picha ndogo ya Chaereas tumboni na kuitisha kikao cha watu watatu, mume, mke na mtoto. Kura yake mwenyewe ni kufa akiwa mke wa mume mmoja. Lakini anahisi mtoto anataka kuishi, na ndotoni Chaereas anamkabidhi mwana. Kura mbili kwa moja. Anaolewa.

Hapa hakuna jambazi. Dionysius si Thyamis, si mwenye danguro. Ni mtu mwema anayempenda, na anadanganywa kuhusu jambo kubwa kuliko yote. Wahakiki wanaotaka kumtetea Callirhoe husema hakuwa na hiari, na ni kweli: alinunuliwa, na mtoto wa mtumwa ni mali ya bwana. Wema wa Dionysius haufuti ile talanta. Lakini pia ile talanta haifuti wema wa Dionysius. Chariton anaviacha vyote viwili mezani.

Mwishoni Callirhoe anarudi kwa Chaereas. Kabla ya kusafiri anamwandikia Dionysius barua kwa siri, akimkabidhi mtoto amlee kama wao wawili na kumwomba asimletee mama wa kambo. Anamficha Chaereas barua hiyo kwa sababu anaujua wivu wake. Yaani hata kwenye mwisho mwema, mwanamke huyu bado anapima ni ukweli gani ampe nani, na anayempimia sasa ni yule aliyempiga teke. Dionysius anaibusu barua. Kisha, katika ukumbi mkubwa wa Syracuse, mji mzima ukiwa umekusanyika, Chaereas anasimulia safari yao na kutangaza kwamba mwanawe analelewa Mileto na mtu mashuhuri. Watu wanafurahi.

Mara ya kwanza na mimi nilifurahi. Acha sasa niseme sababu zangu. Niliacha chuo mwaka wa tatu, karo iliponishinda, na kwa zaidi ya mwaka nilimwambia mama kwamba mitihani imesongezwa. Kwanza mgomo, kisha matokeo, kisha mradi. Yeye alikuwa akituma alichopata kwenye chama, nami nililipia nacho nyumba. Nilisoma kanuni ya Charicleia nikaona imeandikwa kwa ajili yangu. Ananunua muda, nami nanunua muda. Nani ameumia?

Mwaka jana nikamwambia mama ukweli. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira, au machozi. Aliuliza kitu kimoja.

"Nani mwingine alikuwa anajua?"

Nikataja dada yangu. Nikataja binamu wawili. Kisha, kwa kuwa nilikuwa nimeamua kusema yote, nikamtaja shangazi.

"Kwa hivyo ni mimi tu," akasema, akainuka kwenda kuangalia sufuria.

Niliporudi kwa Chariton baada ya hapo, ule ukumbi wa Syracuse haukusomeka kama zamani. Mji mzima unajua mtoto ni wa nani. Wavuvi wanajua, wanajeshi wanajua. Asiyejua ni Dionysius, ng'ambo ya bahari, anayejifariji kwa sanamu za Callirhoe na kwa mwana anayeamini ni wake. Kilichobaki kwake si uongo mmoja aliowahi kuambiwa. Ni kuwa mtu wa pekee aliye nje ya ukweli ambao wengine wanashangilia.

Bado nasema Callirhoe alifanya lililowezekana. Kama angesema ukweli siku ile, sidhani kama mtoto angezaliwa huru, pengine asingezaliwa kabisa. Mimi sikuwa mtumwa wa mtu, na mama hakuninunua. Siwezi kujificha nyuma yake. Lakini ni yeye aliyenifundisha kuuliza swali ambalo jedwali la shule halikuwa na safu yake. Sifa ya mhusika hainisaidii tena sana. Nataka kujua aliyedanganywa alikuwa na nguvu gani juu ya aliyedanganya, na baada ya hadithi kwisha, ni nani ameachwa bila kuambiwa.

Ukitaka kuzisoma, anza na Chariton. Na ukifika kitabu cha nane, kwenye makofi, subiri kidogo kabla ya kupiga yako. Mama siku hizi nikimwambia jambo huniuliza mara mbili. Najibu mara mbili.